Nyumba kwanza, kufuli baadaye: historia ya seva za Java

Mada ya leo inawahusu wanaoandika programu za wavuti kwa lugha ya Java, lakini hata kama wewe si mwanaprogramu usikimbie. Benki, kampuni za bima, mashirika ya simu na ofisi za serikali duniani kote walichagua Java miaka mingi iliyopita na wengi wao bado wako nayo. Kwa hiyo huenda jina lako, nambari ya kitambulisho na deni lako viko ndani ya mojawapo ya programu hizi saa hii.

Mtu akianza kujifunza usalama wa programu ya Java, vitabu humpeleka moja kwa moja kwenye fomu ya kuingilia, majukumu ya watumiaji na vichujio vya maombi. Ni sawa, hayo ni lazima uyajue. Ila ukifuatilia visa vikubwa kimoja kimoja utaona jambo la kushangaza. Mara nyingi mwizi hakugusa ile kufuli ambayo mwanaprogramu alikesha akiitengeneza. Alipita kwenye paneli ya usimamizi iliyosahaulika, au poti ambayo hakuna aliyejua kwamba iko wazi, na akiingia ndani akakuta maneno ya siri kwenye faili ya kawaida tu. Yaani seva haikuwa imeandaliwa. Sasa tuone tulifikaje hapo.

Java ilitoka kwa kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. James Gosling na wenzake walianza kazi hiyo 1991, wakaiita Oak, wakilenga vifaa vya nyumbani kama televisheni. Mwaka 1995 ikatangazwa kwa jina jipya, na kilichowavutia watu wakati huo kilikuwa apleti, zile programu ndogo zilizoendeshwa ndani ya kivinjari. Hapo kulikuwa na hofu ya kweli: unafungua ukurasa wa mtu usiyemjua, na msimbo wake unaanza kukimbia kwenye kompyuta yako. Sun wakaja na wazo la kuufungia msimbo huo ndani ya boksi, usisome faili zako wala usizungumze na kompyuta nyingine isipokuwa ile ulikotoka. Java ikapata sifa ya kuwa lugha salama.

Angalia lakini sifa hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwenye kivinjari. Servleti zilipokuja 1997 na Java ikahamia kwenye seva, msimbo ulikuwa ni wako mwenyewe, unauamini, na ukiuwasha haukuwa ndani ya boksi lolote. Waliohamia walibeba sifa na kuliacha boksi nyuma. Tutarudi kwa boksi hilo mwishoni, maana hatima yake inafurahisha kwa namna yake.

Mhandisi wa Sun aliyeitwa James Duncan Davidson ndiye aliyeandika seva ya mfano ya kuonyesha servleti zinavyopaswa kufanya kazi. Alisukuma iwe programu huria, na 1999 Sun wakaikabidhi kwa Apache. Akaipa jina la Tomcat, paka dume, kwa sababu alitaka mnyama anayeweza kujitunza mwenyewe. (Alitarajia pia kwamba wachapishaji O'Reilly, wanaopenda kuweka wanyama kwenye majalada, wangemchora paka. Kitabu kilipotoka 2003 kilikuwa na chui wa theluji.) Jina zuri, lakini nathubutu kusema lilidanganya watu wengi. Paka huyu hakuweza kujitunza. Alihitaji mtu wa kumfungia madirisha.

Chukua suala la poti. Kwenye Unix na Linux, poti zote zilizo chini ya 1024 zilikuwa za mtumiaji mkuu peke yake, yule anayeitwa root. Wavuti hutumia poti 80, na ile iliyosimbwa hutumia 443. Seva zilizoandikwa kwa C, kama Apache yenyewe, huanza kama root, hushika poti, kisha hujivua mamlaka hayo na kuendelea kama mtumiaji wa kawaida. Java haikuwa na njia rahisi ya kujivua. Ndiyo maana Tomcat hutoka kiwandani ikiwa kwenye poti 8080, na ndiyo maana wasimamizi wengi waliochoka kuandika 8080 mwishoni mwa anwani waliiwasha kama root na kumaliza kazi. Yaani ikiwa kuna tundu moja tu kwenye programu yako ya kuuza viatu, anayelipata anamiliki mashine nzima. Dawa zilikuwepo: kuweka Apache mbele na kuiacha Tomcat nyuma, kutumia programu ndogo inayoitwa jsvc, au kuiambia faiwoli ipeleke wageni wa poti 80 kwenye 8080. Zote zilihitaji nusu siku ya kazi kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa usalama wa programu, na nusu siku hiyo ndiyo iliyokosekana.

Kisha kuna maneno ya siri ya kiwandani. Kila aliyewahi kutengeneza cheti kwa chombo cha keytool anajua neno "changeit". Ndilo neno la siri ambalo kasha la vyeti vya Java lilikuja nalo kwa miaka mingi, na Tomcat pia hulitumia usipoitajia lingine. Maana yake kwa Kiingereza ni "libadilishe"! Nenosiri lenyewe linakuomba ulibadilishe, na bado limekaa kwenye seva zisizohesabika mwaka baada ya mwaka. Faili ya watumiaji wa Tomcat nayo ilikuja na mfano wa mtumiaji "tomcat" mwenye neno la siri "tomcat", watu wakanakili mfano huo na kumwongezea mamlaka ya usimamizi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba kisakinishi cha Windows kilikuwa kinamwacha msimamizi na neno la siri tupu ikiwa mtu amebonyeza kuendelea bila kujaza. Anayeingia kwenye paneli hiyo ya usimamizi hahitaji ujanja wowote, kwani kazi halali ya paneli ni kupokea programu mpya na kuiwasha.

Usimbaji nao ulikuwa na kero yake. Kutokana na sheria za Marekani za kudhibiti uuzaji wa teknolojia hiyo nje, Java ya kawaida ilikuja na funguo zilizopunguzwa nguvu, AES mwisho biti 128, na aliyetaka zaidi alipakua faili za ziada na kuzipachika mwenyewe kwa mkono kwenye kila mashine. Kizuizi hicho kiliondolewa kikiwa chaguo-msingi kwenye Java 9 mwaka 2017, na kwenye Java 8 mwanzoni mwa 2018. Vyeti vilikuwa vya kununua, hadi Let's Encrypt walipofungua huduma yao ya bure kwa umma Desemba 2015. Kabla ya hapo timu ndogo isiyo na bajeti iliweka ukurasa wa kuingilia bila usimbaji wowote, na huwezi kuwalaumu sana.

Haya, tuje kwa kisa ambacho kwangu mimi kinastahili kufundishwa darasani. Marc Fleury alianzisha JBoss 1999, seva ya Java ya kazi nzito, huria na ya bure wakati wapinzani wake waliuzwa kwa pesa nyingi. Ikapendwa sana, na 2006 Red Hat wakainunua. Ndani yake kulikuwa na ukurasa unaoitwa jmx-console, paneli ya kuona na kugeuza kila kitu ndani ya seva inayokimbia. Kwenye toleo la jamii, masharti ya kuulinda ukurasa huo yaliandikwa tayari ndani ya web.xml lakini yamezimwa kwa alama za maoni, kama mlinzi aliyeajiriwa kisha akaambiwa alale. Toleo la kulipia liliwasha masharti hayo. Tatizo ni namna yalivyoandikwa: yalitaja maombi ya GET na POST yahitaji neno la siri. Hayo mawili peke yake.

Sasa HTTP ina aina nyingine za maombi. Mojawapo ni HEAD, inayouliza seva "ningekuomba ukurasa huu ungenipa vichwa gani?" bila kutaka mwili wa jibu. Servleti ya kawaida ikipokea HEAD hufanya kazi ileile ya GET, halafu hutupa mwili. Kwa hiyo mshambuliaji aliyetuma HEAD hakuulizwa neno la siri, na amri yake ikatekelezwa. Hakuona jibu, lakini hakulihitaji. Alitaka tu seva ipachike programu yake.

Red Hat walitoa kiraka Aprili 2010. Oktoba 2011, yaani mwaka mmoja na nusu baadaye, mnyoo ukaanza kutambaa kwenye intaneti ukitafuta seva za JBoss ambazo hazijawekewa kiraka au ambazo paneli yake ilikuwa wazi kabisa, ukijipachika na kutafuta nyingine. Ungedhani hapo funzo limeingia. Halikuingia. Mwaka 2016 kundi lililokuja kujulikana kwa programu yake ya SamSam, inayofunga faili za watu na kudai fidia, lilianza kwa kuingia kupitia seva hizohizo za zamani. Watafiti wa Cisco Talos walipochungulia intaneti Aprili mwaka huo walihesabu mashine takriban milioni 3.2 zilizo hatarini, na kati yake wakakuta milango ya nyuma zaidi ya 2,000 ikiwa imeshawekwa kwenye anwani karibu 1,600. Baadhi zilikuwa za shule zilizotumia mfumo wa maktaba uliobeba JBoss ndani yake. Mwalimu wa maktaba hajui JBoss ni nini! Alinunua mfumo wa kuazimisha vitabu. Mashtaka yaliyofunguliwa Marekani Novemba 2018 yalitaja waathiriwa zaidi ya 200 wa SamSam, hospitali na manispaa zikiwemo, na fidia iliyolipwa zaidi ya dola milioni 6.

Ikiwa kungekuwa na mtu mmoja wa kuufuta ukurasa wa jmx-console siku ya kwanza, mwizi angekosa njia hiyo. Kuufuta, maana programu ya shule haikuhitaji paneli hiyo hata siku moja. Huwa naona watu wakibishana kuhusu nguvu ya nenosiri la paneli ambayo hakuna anayeitumia, na sielewi kwa nini iko pale.

Sasa Equifax. Hapa Kenya sote tunaijua CRB, unakosa kulipa mkopo wa simu na jina lako linaingia orodhani. Equifax ni mojawapo ya kampuni tatu kubwa zinazofanya kazi hiyo Marekani. Ilikuwa na tovuti ya kupokea malalamiko ya watu wanaosema taarifa zao za mikopo si sahihi, iitwayo kwa kifupi ACIS. Mfumo wenyewe asili yake ni miaka ya 1970, na kiolesura chake cha wavuti kilitumia Apache Struts, maktaba ya Java.

Tarehe 7 Machi 2017 Apache walitangaza pengo baya kwenye Struts pamoja na kiraka chake. Mtu angeweza kuweka amri ndani ya kichwa cha ombi, kabla hata ya kufika kwenye fomu ya kuingilia, na seva ingeitekeleza. Siku iliyofuata serikali ya Marekani ikatuma tahadhari. Tarehe 9 Equifax ikasambaza barua pepe kwa wafanyakazi wake zaidi ya 400 ikitaka kiraka kiwekwe ndani ya saa 48. Tarehe 15 wakaendesha kipimo cha kutafuta Struts kwenye mashine zao. Kipimo hakikuona kitu. Hakikutazama ndani ya saraka ndogo ambamo Struts ilikuwa imekaa.

Washambuliaji waliingia tarehe 13 Mei. Soma polepole kilichofuata, maana kuanzia hapa Struts haihusiki tena. Waliweka kurasa za siri za kutolea amri zipatazo 30 kwenye seva, na hakukuwa na chombo cha kuona kwamba faili mpya zimetokea. Wakatafuta wakapata faili yenye majina na maneno ya siri yasiyosimbwa. Tovuti ya malalamiko ilihitaji hifadhidata 3 tu kufanya kazi yake, lakini mtandao haukuwa umegawanywa, kwa hiyo kutoka hapo walifikia nyingine 48. Wakauliza maswali karibu 9,000, na 265 kati yake yakawarudishia taarifa za watu.

Na je, hakukuwa na mlinzi? Alikuwepo. Kulikuwa na kifaa cha kufungua na kukagua data iliyosimbwa inayoingia na kutoka. Kifaa hicho huhitaji cheti halali. Cheti kilikuwa kimekwisha muda wake kwa miezi 19, na kifaa kikawa kinapitisha kila kitu bila kukitazama. Tarehe 29 Julai 2017 mtu aliweka cheti kipya, na siku hiyohiyo wakaona data ikienda nje isivyo kawaida. Tarehe 30 wakazima tovuti. Bunge la Marekani lilipotoa ripoti yake Desemba 2018 ilikutwa kwamba kampuni ilikuwa na vyeti 324 vilivyokwisha muda, 79 kati yake vya kulinda sehemu muhimu kabisa za biashara.

Siku 76, watu karibu milioni 148. Umma uliambiwa tarehe 7 Septemba, siku 40 baada ya ugunduzi. Mkurugenzi Richard Smith aliondoka mwezi huohuo, na 2019 kampuni ikakubali makubaliano ya hadi dola milioni 700. Februari 2020 Marekani iliwafungulia mashtaka wanajeshi wanne wa China kwa shambulio hilo.

Vyombo vya habari viliandika "Struts". Mimi naona Struts ilikuwa mlango wa mbele tu, na milango huvunjwa. Faili ya maneno ya siri, mtandao usiogawanywa, cheti kilichokufa: hayo matatu hayana uhusiano wowote na Java wala na aliyeandika programu, na yote ni kazi ya kuandaa seva. Yangekuwa sawa, washambuliaji wangeibia hifadhidata tatu na huenda wangeonekana wiki ya kwanza.

Kwetu suala la kukaa kimya siku 40 sasa lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayeshika data amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu agundue uvunjaji wenye hatari ya kweli ya kuwadhuru wahusika. Jiulize kama kumbukumbu za seva yako zinaweza kukuambia ndani ya siku tatu nani aliingia na alichukua nini. Kama zimehifadhiwa kwenye mashine ileile iliyovamiwa, mwizi ameshazifuta.

Baada ya hapo visa viliendelea. Februari 2020 ilikuwa zamu ya Tomcat tena, pengo lililoitwa Ghostcat. Poti 8009, ile ya kuzungumza na Apache ya mbele, ilikuwa inawashwa yenyewe na kusikiliza anwani zote za mashine, hata kwa wale wasiokuwa na Apache yoyote mbele. Aliyeifikia aliweza kusoma faili za programu, pamoja na mipangilio. Kuanzia toleo la 9.0.31 poti hiyo huja ikiwa imezimwa. Ilichukua miaka ishirini!

Halafu Desemba 2021 ikaja Log4Shell, na wengi wenu mnaikumbuka wikendi hiyo. Log4j ni maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio, iko karibu kila mahali. Tangu 2013 ilikuwa na uwezo wa kusoma maneno fulani maalum ndani ya ujumbe na kwenda kuuliza seva nyingine maana yake. Mtu akiandika maneno hayo mahali pa jina lake, programu yako ikayarekodi kama kawaida, basi seva yako ilipiga simu kwa seva ya mshambuliaji na kupokea msimbo. Java mpya zilikuwa zimeziba njia rahisi zaidi tangu 2018, lakini njia nyingine zilipatikana.

Swali ambalo wachache waliuliza: kwa nini seva ya hifadhi ya wateja inaruhusiwa kupiga simu kwa anwani yoyote duniani? Sisi sote huweka faiwoli kwa wanaoingia. Wanaotoka hatuwaulizi. Waliokuwa wamefunga njia za kutoka, wakaruhusu tu hifadhidata na huduma mbili tatu zinazojulikana, hawakupona kabisa kwani taarifa ndogo zingeweza kuvuja kupitia DNS, lakini msimbo wa mshambuliaji haukuwafikia kwa njia hiyo, nao wakapata muda wa kuweka kiraka bila kukimbizana.

Lile boksi la 1995 je? Java ililiita Meneja wa Usalama, na tangu zamani Tomcat ingeweza kuwashwa nalo kwenye seva: unaandika faili ya sera ukisema programu hii isome saraka ile tu, iongee na hifadhidata ile tu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, maktaba moja ikibadilika sera nzima inavunjika, na wachache sana waliitumia. Java 17 ya mwaka 2021 ilitangaza kwamba boksi litaondolewa. Tomcat 11 ikaliacha 2024, na Java 24, iliyotoka Machi 2025, ikalizima moja kwa moja. Kazi ya kuamua programu yako iguse faili gani na iongee na nani sasa iko nje ya Java kabisa, kwa mfumo endeshi, kontena na faiwoli, yaani kwa yeyote anayeiandaa ile seva.